Joto la Jana

Marehemu mke wangu ndiye aliyegundua kwamba ukuta wetu unachelewa. Alikuwa mgonjwa wa kitandani, miguu imevimba, moyo umechoka, na kitanda chetu kimebanana na ukuta ambao upande wa pili kuna tanuri la mikate. Chumba ni kidogo. Ukikivuta kitanda, mlango haufunguki. Basi yeye na ule ukuta waliishi kama wake wenza, hawapendani na hawaachani.

"Baba watoto," akaniambia, "moto wanauwasha jioni, mimi naupata kesho yake mchana."

Nikacheka. Moto gani huo unaosafiri kama barua? Lakini nikaweka kiganja. Jioni, kwa jirani kuni zinalia na waokaji wanapigiana kelele, ukuta wetu baridi kama uso wa mkwe. Alfajiri wanazima, wanapakia mikate, wanakwenda zao kulala. Ndipo joto linapojipenyeza, tofali linamwachia mwenzake, polepole, hadi likitokeza kwetu jua liko utosini na bati nalo linachoma. Chuma cha kitanda kilikuwa kikiunguza. Mkongojo wake wa mti, umeegemea palepale, unaushika bila taabu. Nilimtundikia blanketi ukutani. Likasaidia kidogo, kama pole inavyomsaidia mfiwa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Sisi tunamwita Tutaliangalia, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimsalimia. Akaja asubuhi na mapema, akagusa ukuta kwa kidole kimoja kama anayeonja mchuzi.

"Mbona wa kawaida, mzee wangu?"

"Njoo mchana, mwenyekiti."

"Mchana tanuri limezimwa! Sasa litakuunguzaje?"

Akaona heri amkamate mwizi akiiba. Akarudi jioni na tajiri wa mikate, moto unanguruma. Ukuta, kimya. Tajiri alicheka mpaka akashika kiuno.

"Babu, hilo joto ni homa ya mama. Mpe dawa."

Wakaondoka. Mchana mmoja, nampepea kwa kipande cha boksi, mke wangu akaacha kuniomba maji.

Mimi sikusoma. Lakini najua kwamba mkubwa anayechagua mwenyewe saa ya kugusa hakuja kutafuta kitu.

Ningeyaacha. Maiti hasikii joto. Ila binti yetu ameachika, ana kichanga ambacho kitovu hakijakauka, na kwa mumewe wameshamtolea vyombo nje. Hana pa kuja ila kwangu, na kwangu ni kitanda hicho na ukuta huo. Nikarudi kwa Tutaliangalia, na kama kawaida yake akaja asubuhi, tajiri nyuma yake.

Safari hii sikubishana. Nilimwekea kiti ukutani nikaanza kumsifu. Nilimsifia mtaro aliouchimba, ambao unaishia mlangoni kwake. Nilimsifia suti. Mwenye cheo ukimpa sifa habanduki, ni nzi juu ya asali. Tajiri alitazama saa, akakohoa, akatazama saa tena.

"Endelea, mzee wangu," akasema Tutaliangalia. "Watu wa mtaa huu hawana shukrani."

Nikaendelea. Jua likapanda. Shati likamganda mgongoni, akasogeza kiti. Akafungua kifungo. Halafu, akitaka kuinuka, akashika chuma cha kitanda.

"Yalaa!"

"Tanuri limezimwa tangu alfajiri," tajiri akawahi kusema, wala hakuna aliyemuuliza.

"Lilizimwa, ndiyo," nikasema. "Hilo ni joto la jana, mwenyekiti. Ndilo alilokuwa akiliota marehemu hapo, mgongo wote, mkasema ana homa."

Akaweka kiganja ukutani, safari hii chote, akakiondoa upesi. Nilimwona ameelewa. Nikamwona moyoni mjukuu wangu amelala pale, ametulia.

"Una haki, mzee wangu," akasema, akijifuta shingo. "Chumba hiki hakifai kukaliwa na binadamu."

"Ahsante, mwenyekiti."

"Kwa hiyo kuanzia leo hakikaliwi. Utahama."

"Nihame mimi? Na tanuri je?"

"Tanuri linalisha mtaa mzima. Wewe unamlisha nani?"

Nikamtajia kichanga. Akasema hilo nalo tutaliangalia. Tajiri alikuwa ameshaanza kukipima chumba kwa hatua, ukuta hadi mlango.

"Kitanifaa kwa unga," akasema. "Unga unapenda pakavu."

Vijana wake wa kubeba magunia ndio walionitolea kitanda. Walikibeba kwa adabu, na mmoja aliniita baba. Mlango ukatiwa kufuli jipya mbele yangu. Nikakaa juu ya godoro uani, simu ikalia. Alikuwa binti yangu.

"Baba, nimeshapanda gari. Lile jambo la ukuta wamekubali?"

"Wamekubali, mwanangu," nikamjibu, na sikuwa nimemdanganya.

"Afadhali! Basi nikishuka nakuja moja kwa moja nyumbani."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto analia, na kondakta anahimiza watu wasogee nyuma. Kisha nikasikia gari linaondoka.