Dirisha Nyuma ya Jino

Mama alikuwa amekaa nyuma ya jino la tatu, safu ya juu, siku treni ilipompitisha kituo chake.

Jino hilo nililibandika mimi. Tangazo la dawa ya meno lilifunika behewa zima, madirisha na yote: uso wa mwanamke anayecheka, kila jino ukubwa wa dirisha. Kwenye vioo tunabandika stika yenye matundu madogo madogo, ili aliye nje aone picha na aliye ndani aone nje. Kisha juu yake hupita karatasi angavu ya plastiki, maana mvua ikinyesha, maji hujaa kwenye yale matundu na kioo kinakuwa ukungu mtupu. Msimamizi wetu, tunayemwita Rula kwa sababu angeweza kupima hata kivuli chake, alituimbia hilo asubuhi na jioni. Lakini behewa lilitakiwa kutoka Ijumaa, mgongo ulikuwa unaniuma, na mvua ilikuwa haijaonekana miezi miwili. Madirisha ya upande wa kushoto nikayaruka yote. Rula aliponiuliza nikamjibu, "Tayari, bosi," bila hata kupepesa macho.

Mvua ikanyesha Jumanne. Mama ni fundi cherehani, na kila wiki hupanda treni kwenda kwa dada yake. Vituo huvijua kwa kuangalia nje: tangi la maji, kisha ukuta mwekundu wa shule, kisha anashuka. Siku hiyo hakuona tangi wala ukuta, na abiria wenzake walikuwa wameinamia simu zao. Akafikishwa mwisho wa reli. Alirudi nyumbani ameloa chapachapa, akakaa jikoni na viatu vyenye matope, kosa ambalo sisi wanawe tukilifanya tunakiona cha moto.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Nimetazama nje, nimeona kijivu kitupu."

"Labda ni kioo, Mama."

"Kioo gani? Behewa lenyewe mmelipamba juzi tu. Si wewe uliyenionyesha picha, unajisifu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikanyanyua kikombe, nikanywa chai iliyokwisha poa.

Woga ukamwingia. Uzi ukikosa tundu la sindano mara moja tu, jambo linalompata kila mtu wa umri wake, anaiweka chini na kuniita. Wiki tatu nimemtungia uzi. Kila mara ananiombea, "Mungu akuzidishie, mwanangu," nami natamani sakafu ipasuke nizame. Aliacha kwenda kwa dada yake. Akawarudishia wateja vitambaa vyao, kimoja kimoja, akiwaomba radhi. Niliogopa Rula angenifukuza, ndiyo, lakini zaidi niliogopa uso wa mama yangu.

Leo asubuhi nimemkuta anafunika cherehani kwa shuka. Binamu yangu anakuja saa sita kuichukua. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulea na kutusomesha, na sijawahi kulala mchana katika nyumba ile bila kuisikia. Mama alikuwa ameshaifuta mafuta na kukunja utepe wa kupimia.

"Mama, usiitoe."

"Nikae nayo niifanyie nini? Niipapase?"

Nikamwambia. Matundu, maji, karatasi angavu, "tayari, bosi", vyote, nimesimama dirishani. Nikasema mchana huu huu namwendea Rula. Nilingoja Mama anitukane, ningeshukuru.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Kila ulipokuwa unanitungia uzi, ulijua."

"Nilijua, Mama."

Akaifunua cherehani. Akachukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akavinyanyua vyote viwili usawa wa uso. Mara ya kwanza uzi ukapita kando, nami nikanyoosha mkono kumsaidia, kama nilivyozoea.

"Sogea," akasema bila kunitazama. "Unanizibia mwanga."