Nivin Aungama kwa Sauti

Nivin alikuwa hajawahi kumtajia binadamu dhambi zake. Katika kanisa lao la Kiinjili pale Minya, Misri, mtu aliinamisha kichwa kwenye benchi, akamalizana na Mungu wake kimyakimya, kisha kikombe kidogo cha maji ya zabibu kikamfikia kutoka kwa jirani. Lakini sasa alimpenda Rafik, Mkopti, muumini wa kanisa la kale la Misri, na ili waoane baada ya Pasaka ilimbidi abatizwe upya kesho na kupokea Mwili na Damu. Kwanza aungame.

Jumamosi alasiri akaketi kando ya Abuna Bisada, padri wa miaka themanini. Hakuna pazia wala kibanda. Nyuma yake wanawake walipanga foleni, mbele yao wote Tanti Anjel, mama yake Rafik.

"Abuna, nimesema uongo," akanong'ona.

"Ubongo? Umekula ubongo ndani ya Kwaresima?"

"Uongo, Abuna!"

"Sema kwa nguvu, binti yangu, masikio yamezeeka."

"UONGO! Nilimwambia Tanti Anjel mlokhiya yake, ule mchuzi wa mlenda, ni tamu, nikampa paka!"

Foleni nzima ikamgeukia Tanti Anjel. Nivin akatamani ardhi immeze.

"Paka alikula?" akauliza Abuna.

"Alinusa, akaenda zake."

Ndevu za Abuna zikatikisika. Akamwekea msalaba kichwani, akamwombea, akamwambia asujudu mara kumi kila siku.

Zamu ya Tanti Anjel ikafika. Alianza kupayuka hata kabla hajakaa.

"Abuna, mimi nimewasha mishumaa saba nikimwomba Bikira huyu Mwinjili akimbie! Na ile mlokhiya niliijaza chumvi makusudi!"

Nivin akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Tanti akageuka, naye anacheka, machozi yakimtoka.

"Bado unatutaka, wewe?"

"Nawataka zaidi, Tanti!"

Kesho yake, nywele zikichuruzika maji ya ubatizo, Nivin alivua viatu akasogea madhabahuni. Tangu usiku wa manane hakuwa ameonja hata maji. Kijiko cha divai kikamshukia tumboni kama jua. Akatoka akipepesuka kwa furaha, kitambaa cheupe mdomoni lisidondoke hata tone.

Uani akamkuta baba yake, mzee wa Kiinjili asiyeruhusiwa kupokea, akitafuna mkate wa baraka.

"Huu nao unaungamiwa kwanza?"

"Huo ni wa wote, Baba."

"Basi mwambie Rafik aniletee mwingine. Wa moto."