Kaa Aliyenikalia Nyumbani

Usiku wa jana niliota kaa wa mtoni amebisha mlango wangu, hapa Wundanyi, akiwa amevaa barakoa mbili, moja kwa kila gando.

Alieleza kwamba amesoma tangazo kwenye mlango wa darasa letu la watu wazima, lililofungwa tangu ugonjwa uingie: KAA NYUMBANI.

"Kaa ni mimi," akasema. "Nyumbani ndipo hapa?"

Nilimkaribisha. Mara ya kwanza nami nililisoma tangazo hivyo hivyo.

"Basi nitakukalia, mama Wakesho. Wewe katembee. Ila barua usiiache."

Barua hiyo iliandikwa na binti yangu Wakesho, muuguzi huko Mombasa, ambaye simu yake haipatikani. Majirani hawataki kugusa karatasi iliyotoka hospitalini, na kutoka mita moja hakuna auonaye mwandiko wake. Kwa hiyo nimeisoma mwenyewe siku kumi na moja: *Mama, niliugua. Sasa nimekwisha-*. Hapo huikunja tena. Mkunjo wa chini sijathubutu kuufungua. Mwisho wa mstari pana kistari kidogo, lakini darasa lilifungwa kabla ya somo la vistari.

Ninatoka. Kwaya ya kanisa inaimba, lakini sauti nazo zimeamriwa ziachane. Penye duka la Mghoi nasikia "Twa". Ninatembea hadi kisimani ndipo nasikia "ku". Penye daraja, "shu". Sijawahi kuusikiliza wimbo kwa makini namna hiyo.

Kabla sijazifikia "ku" ya pili na "ru", barabara ikawa darasa letu. Ukutani alikuwapo yule mwanamke mwenye mtungi kichwani, aliyechorwa na Mwalimu Mwandoe kwa ajili ya herufi M.

"Kila asubuhi ukipita unanichungulia dirishani," akasema. "Wautazama mtungi tu. Na shingo je?"

Nikamwomba radhi, nikaitazama shingo. Ilichorwa vizuri, ila ilikuwa imechoka. Kisha nikamwonyesha barua.

"Nimekwisha," akasoma, akautua mtungi. "Na mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Hicho kistari ni mkono, mama. Neno limeambiwa lisisogeleane na mwenzake. Kule njiani, ulisikia 'Twa' ukarudi nyumbani?"

Nikajibu kwamba hapana, nilitembea.

"Basi tembea."

Ninatembea juu ya karatasi. Mstari unakatika kama ukingo wa shamba. Ninateremka, ninavuka mkunjo, na ng'ambo namkuta kaa wangu ameketi juu ya neno fupi. Nikamkumbusha kwamba alipaswa kuwa nyumbani.

"Neno hili ndilo nyumbani kwako," akasema, akaanza kusogea kando, kwa ubavu.

Nikaamka kabla hajamaliza kusogea.

Barua ilikuwa mezani, imekunjuliwa hadi chini. Kandokando ya kistari palikuwa na matundu mawili madogo, kama ya gando, bado yana majimaji. Nikaweka kidole hapo, nikakishusha hadi mstari wa pili.

Po. Na.

Nimekwishapona. Nikalisoma lote kwa pumzi moja, bila kuacha nafasi.