Turubai Moja, Makocha Wanne

Mume wangu ni fundi magodoro. Yeye hukata sponji, mimi hushona vitambaa vya nje, na kwa miaka kumi na sita kazi yetu imekuwa kuwalaza watu. Hatukuwahi kufikiri kwamba ipo siku tutaagizwa godoro la watu kubwagana.

Oda ililetwa na msimamizi wa ukumbi wa michezo, bwana mmoja anayetembea na funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Godoro la zamani la ukumbini lilikuwa limechanika hadi linatema sponji. Alitaka jipya, mita kumi na mbili kwa kumi na mbili, turubai la bluu juu yake, na mstari katikati.

"Mstari wa namna gani?" mume wangu akauliza.

"Mstari ni mstari. Mmoja tu. Nikiona miwili, mzigo sipokei."

Tukaona jambo dogo. Kumbe!

Ukumbi ule ulikuwa na vilabu vinne vinavyopokezana siku, na makocha wake wote walikuwa watu wenye kazi nyingine. Judo ilifundishwa na kaka yangu mkubwa, kinyozi. Mieleka ilikuwa ya mkunga mmoja, mama mfupi mwenye mikono kama mizizi. Sumo ilikuwa ya mwoka mikate, mtu wa kilo mia moja na arobaini na sauti ya kitoto. Jujitsu ilikuwa ya daktari wa meno, mpole, hana haraka, anakutazama kama anangoja ufungue mdomo.

Asubuhi tuliyotandaza turubai ukumbini ili tuchore ule mstari, wote wanne walifika. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, chaki mkononi. Akafanya kosa moja tu: akauliza mstari wenyewe ni wa kazi gani.

"Ni mraba," kaka yangu akasema. "Mita nane kwa nane. Simama, shemeji, nikuonyeshe."

Mume wangu hajui kukataa. Alisimama na chaki yake. Kaka akamshika kola na mkono wa shati, akageuka, na nikamwona baba wa watoto wangu anapita hewani miguu juu, kama shuka linalokung'utwa. Akatua chali, puh!

"Hapo mchezo umekwisha," kaka akasema. "Ukimtupa mtu chali kwa nguvu na kwa kasi, ndio basi. Mnainamiana, mnakwenda kuoga."

"Umekwisha wapi?" mkunga akadakia. "Mtu kuanguka ndio mwanzo wa mazungumzo." Akamlalia mume wangu kifuani kabla hajapata pumzi. "Kwetu mabega yote mawili lazima yabanwe chini. Bega moja likiwa juu, mtu bado ana maisha. Na hatushiki nguo hata siku moja. Tunashika mtu. Mkono, kiuno, mguu, popote ndani ya duara la mita tisa."

"Mguu!" Kaka alishika kichwa. "Kwetu ukishika mguu unaadhibiwa."

"Hata kwetu ipo mieleka ya pili, chini ya kiuno huguswi. Nayo nafundisha. Alhamisi."

Haya yote aliyasema akiwa bado amemlalia mume wangu, ambaye uso wake ulianza kubadilika rangi. Mwoka mikate akamhurumia. Akamtoa chini kwa mkanda wa suruali, akamsimamisha, akamfuta vumbi begani. "Samahani, fundi," akasema kwa kale kasauti kake, kisha akamsukuma kwa viganja viwili. Mume wangu alirudi kinyumenyume hatua saba hadi akakaa kwenye kiti cha watazamaji.

"Kwetu duara ni mita nne na nusu," mwoka mikate akaeleza. "Ukitoka, umeshindwa. Ukigusa chini kwa kitu chochote zaidi ya nyayo, hata kidole cha mkono, hata nywele, umeshindwa. Habari za mabega hatuna. Ni haraka, ukirudi chai yako huikuti imepoa."

Ikabaki zamu ya daktari wa meno. Alikwenda katikati ya turubai, akaketi, akamwita mume wangu kwa kidole. Mume wangu, masikini, akaenda.

"Nimeshaanza," daktari akasema.

"Umeshashindwa!" mwoka mikate akapiga kelele. "Makalio yamegusa chini!"

"Kwetu kukaa ni mbinu. Unaweza kulala chali muda wote na ukawa wewe ndiye unayeshinda. Mchezo unaisha mtu akigonga."

"Akigonga nini?" mume wangu akauliza. Jibu alilipata akiwa chini, mkono wake umenyooshwa katikati ya mapaja ya daktari, kiwiko kikielekea kusikofaa. Akaligonga turubai mara nne bila kufundishwa na mtu.

"Umeona? Mwili wenyewe unajua," daktari akasema kwa upole. "Pole sana. Sukutua mdomo." Mazoea hayana tiba.

Mimi nilikuwa nacheka, sindano mdomoni. Lakini mume wangu aliponyanyuka niliacha. Alisimama wima, akaokota chaki yake iliyovunjika vipande vitatu, akasema, "Sawa. Nimeelewa. Mistari minne."

"Mmoja!" Funguo zililia mlangoni. Msimamizi alikuwa anapita. "Chagueni mstari wa nani unafaa. Nikirudi saa sita niukute."

Hapo ndipo walipokubaliana kwamba mshindi wa pambano ndiye atakayechorewa mstari wake. Kupambana, sawa. Lakini kwa kanuni zipi? Walibishana hadi sauti zikakauka. Kaka alitaka kila mtu avae koti zito la judo. Mkunga akasema yeye hapigani na fanicha. Muafaka ukawa koti la mkono mmoja, mkono wa kushikwa na mkono wa kutoshikwa, na ni mimi niliyekata mikono minne kwa mkasi wangu wa kazi. Refa awe nani? Hilo halikuchukua muda.

"Fundi," mkunga akasema. "Amepigwa na sisi sote. Hana upande."

Hakukuwa na filimbi. Mume wangu akachukua kopo la gundi na nyundo. Paa!

Daktari akakaa chini. Mwoka mikate akamtangaza ameshindwa na kumpa kisogo. Kaka yangu, sijui kwa nini, akaanza na mkunga: akamkamata mkono wa koti, akamzungusha, akambwaga chali kitu safi kabisa, hata mimi nilipiga makofi. "Basi!" akasema, akageuka kumwinamia refa. Alipokuwa ameinama, mkunga akamzoa miguu yote miwili kutoka nyuma, akamgeuza na kumgandamiza mabega. "Basi!" akasema naye. Mwoka mikate alipoona wote wawili wako chini, akawasukuma kwa pamoja nje ya turubai, kama sinia linaloingizwa kwenye tanuri. "Basi!" Ila alipotaka kurudi katikati, mguu ulikataa. Daktari wa meno alikuwa ameukumbatia tangu zamani, ameburutwa nao hadi nje, na sasa alikuwa anaupinda kifundo taratibu. Kilo mia moja na arobaini zikaanguka, kasauti kakalia, kiganja kikagonga sakafu.

"Basi," daktari akanong'ona.

Mikono minne ya ushindi ikainuliwa kutoka kwenye lile rundo. Wote wakamtazama mume wangu.

Nikasema moyoni, leo ndoa yangu na ukoo wetu vimeingia mashakani, maana huyu bwana hajawahi kumwambia mtu neno la kumuudhi.

"Shemeji," akamwuliza kaka, "mabega yaligusa?"

"Yaligusa, lakini kwetu..."

"Mkunga, ulitupwa chali?"

"Nilitupwa, ila..."

"Mwoka mikate, uligonga?" Akaitikia kwa kichwa. "Daktari, ulitoka nje ya mstari?"

"Mstari upi? Haujachorwa."

"Uko nje ya turubai, daktari."

Akajitazama. Alikuwa nje kabisa, mgongo umeegemea viti.

"Basi wote mmeshindwa," mume wangu akasema, akapiga kopo. Paa! Nilimpenda upya.

Kabla hawajapata la kusema, funguo zikalia. Msimamizi aliingia, akakatiza moja kwa moja hadi katikati ya turubai letu jipya, akasimama. Nje kulikuwa na tope. Nyuma yake kulikuwa na nyayo kumi na moja, nilizihesabu.

"Viatu," wakasema wote wanne kwa mpigo.

Mkunga ndiye pekee ambaye wanafunzi wake huvaa viatu, lakini vya mieleka, vinavyobebwa mfukoni na visivyojua barabara. Yeye ndiye aliyekwenda wa kwanza. Alimshika msimamizi miguu, kaka akashika kola, mwoka mikate akasukuma, na daktari wa meno akaenda kuketi nyuma yake ili apate kitu cha kuangukia. Msimamizi alitua chali, mabega yakabanwa, akasukumwa hadi nje, na alipofika sakafuni akaigonga kwa mikono yote miwili.

"Huyu," mume wangu akasema, "ameshindwa kwa kanuni zote."

Msimamizi aliandika barua ya malalamiko. Kamati ya ukumbi ikawaita mashahidi, na kila kocha akaapa kwamba tukio liliisha kwa namna yake: mmoja alisema liliisha kwa kutupwa, mwingine kwa mabega, wa tatu kwa kusukumwa, wa nne kwa kugonga. Mwenyekiti akashindwa kujua ashtaki kosa lipi. Faili likafungwa, na turubai likapokelewa likiwa na mistari minne: mwekundu, wa manjano, mweupe na wa kijani.

Mimi nilijiunga na klabu ya mkunga. Mwezi wa tatu wa mazoezi nikapangiwa pambano langu la kwanza, dhidi ya mwalimu wa hesabu aliyenizidi kichwa kizima. Alinifunga pointi kumi na mbili kwa mbili, na kwa kuwa tofauti ilifika kumi, refa akasimamisha mchezo. Lakini zile mbili nilizipata kwa kumzunguka nyuma na kumshusha mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na njia nzima ya kurudi nyumbani, jicho limevimba, niliwasimulia hata watu nisiowajua.