Shahidi wa Mwezi

Usiku wa jana niliota niko juu ya paa la msikiti wetu hapa Tanga, nimejifunga shuka la kulalia, natafuta mwezi wa Idi. Kutafuta mwezi si ajabu. Mimi, Mbaruku, ndiye jicho la kamati ya mwezi ya mtaa wetu tangu ujana, na Magharibi ya jana nilisimama papo hapo na wenzangu, mbingu imefunga mawingu, tukashuka tukasema kesho tunafunga. La ajabu ni kwamba darubini ilinisalimia.

"Asalamu alaikum, Mzee Mbaruku. Umeuona?"

"Waalaikumu salamu. Sijauona."

"Mimi nimeuona."

Darubini hiyo tuliletewa na nchi moja ya mafuta, pamoja na zulia la msikiti na tende za kila Ramadhani. Nikaiinamia, nikachungulia. Mawingu matupu.

"Mbona mimi sioni?"

"Wewe una macho ya kuzaliwa nayo," ikanijibu. "Mimi nililetwa kama msaada. Naona kwa masharti."

Nikaona ni jibu la haki. Ndotoni mtu hana ubishi, kama bwana harusi mbele ya wakwe.

Nashuka ngazi. Siku zote ngazi ile huishia penye birika la kutawadhia. Sasa inaishia kwenye ukumbi mkubwa wenye baridi ya kiyoyozi, meno yanagongana. Waheshimiwa wa nchi mbalimbali wamepanga foleni, kila mmoja na kibendera chake. Mbele, kwenye kiti cha dhahabu, limekaa pipa la mafuta, limevaa joho na kilemba. Limenyoosha mkono, na kila anayefika anaulamba.

"Wanafanya nini?" nikamuuliza bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa mbele yangu.

"Uhusiano wa kimataifa," akasema. "Mkono mtupu haulambwi. Huu si mtupu." Alipomaliza zamu yake akajipangusa midomo kwa bendera.

Zamu yangu ikafika, nami nikalamba. Ulikuwa na ladha ya utambi wa chemli. Wakati ule sikuona aibu. Aibu imenijia leo.

"Karibu, ndugu yetu," akasema Mheshimiwa Pipa. Kusikia neno ndugu, karani akaja na futikamba akatupima ili ijulikane nani kaka na nani mdogo. Nikaonekana mdogo, nikaketishwa sakafuni.

Ukuta ukasogea kando. Nje ni jangwa, na visima vinawaka moto wa gesi mpaka upeo wa macho, usiku umekuwa mweupe pe.

"Unaona mwenyewe," akasema Pipa. "Tangu babu zetu wachimbe, mwezi hatuuoni, tunaununua nje. Idi tumeshaipanga. Wageni wamefika, fataki zimefungwa, ngamia wako motoni. Tunakosa mtu wa kusema ameuona, na wewe unasifika kwa macho."

"Mheshimiwa, sijauona."

"Hujaulizwa kama umeuona. Umeombwa useme."

Akajipapasa kilemba, kisha akauliza polepole, "Zuwena hajambo?"

Zuwena ni binti yangu wa pekee, anasomea udaktari katika nchi hiyo, na kitanda chake, chakula chake na vitabu vyake vyote vinatoka kwa Pipa.

Kufumba na kufumbua nimo katika chumba cha upasuaji. Zuwena amevaa kofia ya kijani, mikono yake imo ndani ya tumbo la mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, sema upesi. Taa hizi ni zake yule uliyemwacha kule." Taa moja ikazimika. "Nimefika pagumu, siwezi kushona gizani."

"Lakini mwanangu, ushahidi ni amana. Hizi ni saumu za watu."

"Najua, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Taa nyingine ikazimika. Mgonjwa akainua kichwa, akasema kwa adabu kwamba hapendi kunishurutisha, ila tumbo ni lake.

Nikatoka mbio kuutafuta mwezi wenyewe. Niliukuta nyuma ya jengo, umeketi juu ya bomba la mafuta, umejifunika kanga gubigubi.

"Bado," ukasema kabla sijauliza. "Naandama kesho."

"Chungulia kidogo tu, kama ncha ya ukucha."

"Mimi na jua tuna miadi. Hatujaichelewa wala kuiwahi hata mara moja."

"Binti yangu yuko gizani."

Ukanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza zaidi ya yote.

"Basi sema," ukaniambia. "Ila usiseme ni mimi uliyeniona."

Nikarudi ukumbini. Pipa akauweka mkono wake juu ya wangu, maana mtoaji mkono wake huwa juu. Ulikuwa mzito, vidole vyangu vikafa ganzi.

"Sema."

"Nimeona kitu," nikasema. "Chembamba. Cheupe."

"Inatosha," akasema Pipa, na karani akaandika mwezi.

Taa zikawaka kila mahali. Watu wakaanza kutua saumu zao sakafuni, wake kwa waume, kama abiria wanaotua mizigo kituoni. Bibi mmoja mkongwe akanijia, amejitwika yake kichwani.

"Mwanangu, una hakika?" akauliza. "Mimi bado naweza kuibeba siku moja."

"Tua tu, mama," nikamwambia.

Akatua. Ilipogusa chini nikazinduka.

Mke wangu, Mwanamvua, alikuwa ananitikisa bega. "Baba Zuwena, amka. Daku."

Nimelowa jasho. Wakati naitafuta kofia yangu simu ikalia, ujumbe wa Zuwena.

"Shikamoo baba. Huku wamechelewa kutangaza, ila Idi ni leo. Wanasema mwezi ameuona shahidi mmoja tu, mzee wa Tanga mwenye macho mazuri. Nimewaambia wenzangu huyo lazima ni baba yangu. Wote hawafungi leo kwa ajili yako."

Mwanamvua akaniita kutoka jikoni. "Wali unapoa. Au wenzetu wameuona, hatufungi tena?"

"Tunafunga," nikasema. "Haujaandama."

"Nani kakwambia?"

"Mwezi wenyewe."

Akanitazama kama mtu anayepima homa kwa macho, akanipakulia. Nikala, nikanuia, nikafunga. Zuwena sijamjibu mpaka sasa. Nimeandika "Idi njema, mwanangu" nikafuta. Nimeandika "Si mimi." Hiyo pia nimeifuta.