Pumzi ya Bingwa Kwenye Chupa Yangu

Wodini tulimwita Bingwa, kwa kuwa mwenyewe alijiita hivyo na sisi wagonjwa hatukuwa na nguvu za kubishana. Daktari mpya, koti limenyooka kuliko akili.

Siku ya pili ya homa yangu alikuja kuchukua damu ya kuotesha, ile inayotiwa chupani ili maabara waone kama ina mdudu. Akanipaka spiriti mkononi. Kungoja ikauke? Thubutu! Akainama, akapuliza fuuu, kama anapoza chai. Kisha akaupapasa mshipa kwa kidole kilekile alichotoka kujikunia sikio, ndipo akachoma.

"Daktari, sasa spiriti ilikuwa ya nini?"

"Dogo, wewe umwa. Utabibu niachie mimi."

Nikaumwa, kama nilivyoagizwa.

Kesho kutwa yake akaja kifua mbele. "Damu yako imeota mdudu. Leo tunaanza dripu ya dawa kali."

"Haitaniharibu figo?"

"Itazichosha kidogo tu. Si unazo mbili?"

"Ninayo moja. Ya pili nilimpa dada yangu mwaka juzi. Imeandikwa kwenye hilo faili ulilolikalia."

Akainuka, akalitazama faili kana kwamba limemng'ata. Mtu mwingine angeona haya. Yeye akasema, "Basi tutapunguza dozi."

Sista mkuu, mama mfupi asiyepandisha sauti, akasogea. "Homa yake imeshuka tangu jana. Na maabara wanasema huyo ni mdudu wa kwenye ngozi, tena ameota kwenye chupa moja tu kati ya mbili. Turudie kipimo kwanza."

"Sista, daktari hapa ni mimi."

"Ndiyo, baba. Na mdudu ni wako."

Nilicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha nikaficha mikono chini ya shuka. "Bila kurudia, mshipa wangu hamuupati."

Bingwa akanuna, akakubali. Sista akanawa, akavaa glavu, akafuta vizibo vya chupa, akanisugua mkono kwa spiriti. Halafu akasimama tu.

"Tunangoja nini?" Bingwa akauliza.

"Ikauke."

"Si upulize?"

Wallahi alisema hivyo, na uso mkavu! Sista akangoja hadi ikakauka. Alichoma mara moja bila kupapasa tena, akajaza chupa, akahamia mkono wa pili, akaanza upya kwa sindano mpya. Dripu ikabaki mezani.

Siku tano chupa zikakaa maabara, hakuna kilichoota. Homa nayo ilishajiendea zamani. Asubuhi ya kuruhusiwa, Bingwa akaja na wanafunzi wanne nyuma yake, akanionyesha kwa kalamu.

"Huyu alikuwa na mdudu kwenye damu. Mnaona dawa kali ilivyomsafisha?"

Wanafunzi wakaandika. Dada yangu, aliyekuja kunichukua, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Mwache," nikamwambia. "Figo yangu ninayo. Twende kabla hajanipuliza tena."