Chambo wa Basi la Saa Moja

Mwanangu Birago ni mshauri elekezi wa mambo ya usafiri. Ukiniuliza maana yake nitakueleza, na usiponiuliza nitakueleza vilevile. Wenye mabasi, wenye malori na wakubwa wa bandari humwita awaambie wanakosea wapi, naye huwaambia usoni, kisha wanamlipa na kumshukuru. Ameshafanya kazi Abidjan, Lomé na Dakar. Majirani zangu hapa Kumasi hunikanya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nawajibu kwamba tembo la mwanangu hata likitiwa maji litawalewesha.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa chambo. Kwenye stendi yetu ya magari ya Accra, gari haliondoki mpaka lijae, na hakuna mwenye akili anayeingia kwenye gari tupu, maana ataozea humo akisubiri wenzake. Kwa hiyo wapiga debe hutafuta watu wa kukaa ndani kama abiria. Unavaa nguo ya safari, unapakata mkoba, unatazama dirishani kama mtu aliyechelewa. Abiria wa kweli wakianza kuingia, unakumbuka umesahau dawa nyumbani, unashuka. Nilifanya kazi hiyo tangu Birago ananyonya mpaka alipoingia chuo kikuu, na nilikuwa hodari. Niliweza hata kuwaaga watu huku nalia. Accra yenyewe sikuwahi kuiona.

Birago alifanyia hesabu zake za shule kwenye viti vile. Siku moja akaniuliza, "Mama, kwa nini gari lisiondoke tu, likawakuta watu njiani?" Nikamwambia anyamaze, gari si mwendawazimu. Lakini swali halikumtoka kichwani. Alilibeba mpaka chuoni, na baadaye akaanza kulipwa kwa kuwauliza wenye magari swali lilelile.

Mwaka jana kampuni moja ya mabasi ikamleta kwenye stendi yetu. Ushauri wake ulikuwa mfupi: basi liondoke kwa saa, lijae lisijae. La kwanza saa moja asubuhi, la pili saa tatu, na kuendelea hivyo. Bwana Lamptey, mkubwa wa kampuni, akakubali kujaribu wiki moja. Hakupanda mtu. Watu walilitazama lile basi jipya, tupu, wakaenda zao kwenye magari ya zamani yenye vichwa madirishani. Kila asubuhi lilitoka na dereva na konda wake tu, stendi nzima ikicheka. Fofie, mpiga debe niliyefanya naye kazi miaka mingi, akaliita basi la mizimu.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo nilimpelekea mwanangu uji na bajia za kunde. Nikamkuta Bwana Lamptey amemsimamia mbele ya dirisha la tiketi.

"Dada Birago, la leo asubuhi likitoka tupu, mkataba umekwisha. Na wenye kampuni kule Accra wakiniuliza ni nani aliyetutia hasara, nitataja jina lako."

"Sawa, bwana. Ushauri ni wangu."

"Kwani ugumu uko wapi? Tafuta watu kumi wakae ndani! Si ndivyo wanavyofanya hapa wote?"

"Ndiyo sababu hakuna anayeamini gari. Nikiweka chambo leo, kesho saa yangu itakuwa uongo kama wa hawa wengine. Sitaki chambo hata mmoja."

Nilisimama pale na uji wangu. Kwanza ilinichoma, maana huyo anayemkataa chambo amelelewa kwa mshahara wa chambo. Kisha nikaona shingo yake imesimama wima, na moyo ukanijaa. Mtoto wangu alikuwa tayari kupoteza jina lake lote kuliko kumdanganya mama mmoja mwenye gunia. Nikamwekea uji, nikageukia dirisha la tiketi, nikalipa nauli, nikapanda basi. Nikakaa kiti cha mbele, dirishani, palepale nilipozoea.

Stendi ikalipuka kwa kicheko.

"Mama Birago karudi kazini!" Fofie akapaza sauti. "Jamani, mtoto kamwajiri mama yake! Haya bibi, tulilie kidogo kama zamani!"

"Kamcheke mkeo, Fofie!" nikamjibu.

Birago akaja mbio. "Mama, shuka. Nakuomba. Hukusikia nilivyomwambia yule bwana?"

"Nimesikia. Kanywe uji, unapoa."

"Mama, watasema nimekuweka mimi!"

Nikamwonyesha tiketi. Akaitazama, akanitazama, akarudi nyuma.

Saa moja ilipofika dereva akawasha gari. Watu wote wakangoja nishuke. Fofie akaja kugonga bati. "We mama, teremka, hawa hawana utani! Linaondoka kweli hili!" Alikuwa na wasiwasi, maskini, alidhani nimesinzia. Nikampungia mkono. Basi likaanza kutoka, na muuza viazi vikuu mmoja akajitwika gunia lake akikimbia. "Simamisha! Kumbe linakwenda!" Dereva akamtazama Birago. Birago akatikisa kichwa. Basi halikusimama, nami nilijivuna kuliko siku alipovaa joho la chuo.

Tulipofika Konongo, mji wa njiani, magari yamebanana, simu yangu ikalia. Nyuma ya sauti ya Birago nilisikia kelele za stendi.

"Mama, Fofie anawaambia watu umeshukia hapo kwenye kona. Nimeweka sauti juu, wote wanakusikia. Uko wapi?"

"Konongo."

"Uongo!" Fofie akadakia. "Yuko kwa dada yake anakunywa supu!"

Nikaitoa simu dirishani, kwa msichana aliyekuwa akiuza ndizi kando ya basi. "We binti wa ndizi, hebu waambie watu wa Kumasi hapa ni wapi."

"Konongo," akasema yule msichana. "Kwani wamepotea?"

Halafu nikasikia mtu anacheka, mwingine anadai tiketi, kisha vishindo, kama stendi nzima imehamia dirisha moja. Nikamsikia Fofie akifoka kwamba wamwachie njia, naye ana shemeji yake wa kusafirisha.

"Mama," Birago akasema, na sauti ilikuwa imejaa machozi. "La saa tatu limejaa. Bwana Lamptey anapanga foleni kwa mikono yake. Wanasema kama Mama Birago hakushuka, basi hili gari ni la kweli."

"Hukuweka chambo, mwanangu. Ulikataa, nikasikia kwa masikio yangu. Nani mshauri kama wewe?"

Akajipangusa pua, nikamsikia. "Haya, sasa shukia Nkawkaw hapo mbele. Nitakutumia gari likurudishe nyumbani."

"Kushuka nimeshuka vya kutosha," nikamwambia. "Mimi ni abiria. Nakwenda Accra."